Mlango Usiosalimia

Nakiete Mrutu aliingiwa na wasiwasi siku alipoona mdomo wa chungu umekaa sawa.

Chungu chenyewe kilikuwa barazani kwa mama yake mdogo, Elieshi, pamoja na vingine vilivyosubiri kuchomwa. Tangu Elieshi alipooteshewa ini jipya, vyungu vyake vyote vilikuwa na midomo ya mawimbi, kama pindo lililoshonwa ndani ya gari linalopita makorongo. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Watu wa Mlembea walivinunua hivyo hivyo kwa kumwonea huruma, na huruma hiyo ilimkera kuliko kutetemeka kwenyewe. Sasa, ghafla bin vuu, mdomo wa chungu ulikuwa mviringo safi, ungedhani umepimwa kwa bangili.

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Nakiete alikuwa mfamasia wa kituo cha afya, na alijua kinachoitetemesha mikono ile. Ilikuwa dawa ya amani, dawa inayouzuia mwili usilipige vita ini la kuoteshwa. Mikono ikitulia bila daktari kubadilisha kitu, basi huenda dawa ya amani haimo tena mwilini.

Alikigusa kile chungu kwa ncha ya kidole, akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Hutazama kwanza, maneno baadaye.

Asubuhi iliyofuata Elieshi alikwenda kituoni kuchukua dawa. Mlango ulisikia hatua zake, ukaanza.

"Karibu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Salama tu."

"Za shamba?"

"Tangawizi imekubali, tunashukuru."

"Pita, Elieshi." Mlango ukafunguka.

Mlango ule ulikuwa fahari ya Mlembea. Mashine za dirisha la dawa zilipoletwa huko milimani, wataalamu walitaka watu waingie kwa kubonyeza kidole kwenye kioo. Wazee wa kamati wakakataa katakata. Mtu anaingiaje mahali bila salamu, kama mbuzi? Basi mlango ukafundishwa kusalimia, na wataalamu nao wakapata faida yao humo humo: mtu akishaitika, mlango umemtambua kwa sauti, umesikiliza pumzi zake na mapigo ya moyo wake. Asiyeitika hafunguliwi. Hakuna aliyeona ubaya. Nani angekuja kituoni akatae salamu?

Ndani, kwenye rafu ya joto nyuma ya dirisha, pacha wa Elieshi alikuwa anang'aa kijani kama kawaida yake. Kila aliyeoteshewa kiungo alikuwa na pacha pale, kipande cha nyama hai kisichozidi ukucha, kilichobaki wakati ini au figo lake linakuzwa, kikielea ndani ya glasi. Dawa yoyote, kabla ya kuingia tumboni kwa mwenyewe, ilidondoshewa pacha kwanza. Ikimfaa, anang'aa. Ikimdhuru, anafifia na kuwa kahawia. Na kwa kuwa pacha alikuwa anaharakishwa kwa joto na umeme, jambo ambalo mwilini lingechukua wiki nzima yeye alilionyesha kwa muda wa kuchemsha chai. Watoto walizoea kuwapungia mkono mapacha wa bibi zao.

Lakini pacha huonja kile alichopewa tu. Ya nyumbani hayajui.

Nakiete alimtoboa mama yake mdogo kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha dawa ya amani. Mshale ukashuka, ukapita kijani, ukapita njano, ukalala kwenye nyekundu.

"Mama mdogo, dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Zote?"

"Nakiete mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nakushika pua ili umeze dawa ya minyoo, huku umening'ata kidole. Leo unaniuliza mimi kama nakunywa dawa?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nakiete naye akacheka kidogo, kisha akainama karibu na dirisha, akashusha sauti.

"Na kitu kingine, je?"

Elieshi akatazama juu kwenye dari. "Mvua hii ikiendelea itaozesha tangawizi za watu."

Nakiete hakuuliza tena. Huko kwao, mtu akiulizwa jambo moja akajibu habari za mvua, ameshakujibu.

Elieshi hajafika hata nje, spika ya ukutani ikalia. Alikuwa Daktari Kihiyo, msimamizi wa dawa wa wilaya, ambaye vipimo vyote vya milimani vilimfikia mezani kwake palepale vilipopimwa.

"Mfamasia, umeona mshale wa huyu mama mfinyanzi?"

"Nimeuona, Daktari."

"Huyu anachanganya. Ijumaa napanda huko. Jiandae kumfungia dirisha."

"Daktari, huyu ni..."

"Najua ni nani kwako. Ndiyo maana nakuja mwenyewe, usije ukabeba mzigo huo peke yako."

Hakusema kwa ubaya, na hilo lilimuumiza Nakiete zaidi. Dawa ya amani ilitengenezwa kidogo kidogo, na nchi nzima watu walikuwa wanaisubiri. Sheria ilikuwa wazi: anayechanganya dawa ya dirishani na isiyosajiliwa anafungiwa dirisha, dozi yake apewe mwingine. Kwa mwenye ini la kuoteshwa, kufungiwa dirisha ni kuchimbiwa kaburi huku ukitembea.

Angeweza kumficha. Angemwongezea dozi kimyakimya, mshale ungepanda, na Daktari angerudi bondeni ameridhika. Lakini siku Elieshi atakapoacha hicho anachokunywa, dozi ile kubwa itageuka sumu. Nakiete alikaa akiitazama chupa ya dawa, kisha akaifunga kifuniko, akairudisha kabatini.

*

Mchana alipanda na njia ya mashamba ya tangawizi kwenda kuhakikisha alichokihisi. Hakufika mbali. Elieshi alikuwa anashuka kutoka mgongo wa mlima, kanga imefungwa kiunoni, na kwenye pindo la kanga fundo dogo. Macho yalikuwa chini. Kwenye tangi la maji palikuwa na wanawake wamejipanga na ndoo, wakamsalimia. Akapita kama hakusikia.

"Makubwa! Mikono ilipotulia, kichwa ndicho kimepanda juu," akasema mmoja.

"Mwache," akasema mwenzake. "Huoni fundo?"

Wakanyamaza wote. Mlembea kila mtu anajua: aliyebeba dawa ya kienyeji hasalimii wala haitiki, na dawa haitajwi jina mpaka iishe. Adabu ni kumpisha. Nakiete akatoka njiani, akageuka upande, akajifanya anakagua majani ya tangawizi mpaka mama yake mdogo alipompita. Alitamani sana kumshika mkono. Alisikia pumzi zake tu.

Nyumba ya mama Senzota, mtoa dawa za majani, ilikuwa juu ya kilele, ua umejaa vichanja vya kukaushia majani chini ya vioo vya jua. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mwili na mwepesi zaidi wa ulimi, anatwanga huku redio inaimba.

"Hodi."

"Karibu, mfamasia. Umekuja kununua au kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza."

"Kaa basi. Kuuliza hakujafunga mtu."

Nakiete akakaa kwenye kigoda. "Unampa nini mama mdogo?"

"Mvua mwaka huu imepitiliza."

"Mama Senzota!"

"Nimekujibu. Unataka niitaje wakati bado inanywewa? Wewe hukuletwa hapa ndani ya boksi pamoja na mashine. Umezaliwa hapa, miiko unaijua."

"Inamuua."

Mchi ukabaki hewani. Kisha mama Senzota akauweka chini polepole, akazima redio.

"Mikono imetulia. Umeviona vyungu?"

"Ndivyo vilivyonileta." Nakiete akamweleza yote, habari ya mshale, habari ya Ijumaa, habari ya dirisha kufungwa. Mama Senzota alimsikiliza huku akichambua vijiti kutoka kwenye majani bila kuvitazama.

"Una hakika ni dawa yangu?"

"Sina. Ningemwonjesha pacha, ningekuwa nayo."

"Na unadhani mimi sikuileta?" Mama Senzota akasimama, mikono kiunoni. "Elieshi alipokuja kwangu nilijua ana ini la kuoteshwa. Nikajisemea, wewe mwanamke, usijifanye kichwa ngumu, kaionjeshe kwanza kwa huyo pacha anayesifiwa. Nikaifunga, nikashuka nayo mpaka mlangoni kwenu. Mlango ukaniambia karibu, habari za asubuhi. Nimebeba dawa, Nakiete! Nikanyamaza. Ukarudia. Nikanyamaza. Ukapaza sauti kama dalali mnadani: Mgeni hajaitika! Mgeni hajaitika! Watu wa foleni walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwa kucheka. Nikageuza nikarudi zangu."

Nakiete alikikumbuka kicheko kile. Alikuwa ndani anapanga chupa, akadhani mbuzi ameingia tena uani.

"Ungeiacha nyumbani, ukaja kuniambia kwa mdomo."

"Kukuambia nini, kama siwezi kuitaja? Na mashine yenu nayo, kitu cha kwanza inachouliza ni jina la dawa."

"Basi kwa nini ulimpa bila kuonja?"

"Kwa sababu alikuwa analia." Sauti ya mama Senzota ikashuka. "Mmempa ini, mmemnyang'anya mikono. Alikuja kwenu akawaambia?"

"Alituambia."

"Mkasemaje?"

Nakiete akatazama vidole vyake. "Tukamwambia atazoea."

"Mimi sikumwambia atazoea."

Majani yalikuwa yanakauka kwenye vichanja na kunukia. Kosa halikuwa la mtu mmoja, na hilo halikumpunguzia Nakiete uzito hata kidogo. Alikuwa anaufikiria mlango. Watu wastaarabu kupita kiasi, alijisemea. Tumekaa kamati nzima, na hakuna aliyewaza kuwa yupo mtu anayenyamaza kwa adabu.

"Ijumaa Daktari akiwepo," akasema hatimaye, "ilete. Na mama mdogo aje na fundo lake. Nitawafungulia mlango wa nyuma, wa kupitishia maboksi. Ule una komeo la chuma tu, hauna mdomo."

"Na sheria yenu? Kitu kisichosajiliwa kisivuke kaunta?"

"Nitaivunja, mbele ya mwenye sheria."

Mama Senzota akamkazia macho. "Na pacha akifa mbele ya kadamnasi?"

"Basi tutakuwa tumejua."

"Wewe utakuwa umejua. Mimi nitakuwa nimeishiwa wateja." Akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha, akauchukua mchi wake. "Nitakuja. Nenda kabla sijabadili mawazo."

*

Ijumaa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mabonde, lilimshusha Daktari Kihiyo kwenye ukungu, suruali amekunja, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Mlango ukamsalimia, akaitika salamu zote, akaongeza na "Wewe je, hujambo?" Watu kwenye benchi wakatabasamu. Ilikuwa siku ya dawa na ukumbi ulikuwa umejaa.

"Tumalize la mama mfinyanzi kwanza," akamwambia Nakiete kwa upole. "Yuko wapi?"

"Yuko nje, Daktari. Nyuma."

Nakiete akaliendea komeo la chuma. Lilikuwa zito. Akalivuta. Mlango ukafunguka bila neno.

Wakaingia wawili, mama Senzota mbele, Elieshi nyuma, kila mmoja na fundo lake, midomo imefumbwa. Ukumbi mzima ukaelewa mara moja, ukanyamaza pamoja nao. Mtu mmoja akawahi kumziba mtoto wake mdomo asije akasema shikamoo.

Daktari akasimama katikati ya njia. "Mfamasia, unajua unachofanya?"

"Najua."

"Kitu hicho hakijasajiliwa. Kikivuka kaunta hii, leseni yako naondoka nayo."

"Kimeshavuka, Daktari. Kimo mwilini mwa mgonjwa wetu. Sisi tumebaki tunailinda kaunta."

Daktari hakukasirika. Alisogea karibu, akaongea taratibu, lakini ukimya ulikuwa mkubwa na kila mtu alimsikia.

"Sikiliza, binti. Siogopi majani. Nilikuwa na mgonjwa ana uvimbe. Muuguzi wangu alimwambia majani yake hayana madhara, na kweli hayakuwa nayo. Mgonjwa alivyosikia, akaacha dawa, akashika majani. Madhara yalikuwa kwenye uvimbe. Nilimzika mimi. Ukimwonjesha pacha leo akaendelea kung'aa, kesho mlima mzima utasema imepita dirishani. Sisi tunasema haidhuru, wao wanasikia inaponya. Utafanyaje hapo?"

Nakiete alimtazama Elieshi, aliyesimama na fundo lake na macho yamejaa maneno asiyoweza kuyatoa. Akamtazama mama Senzota, aliyekuwa ameinua kidevu kama mtu anayesubiri kupigwa kofi. Yule mgonjwa wa uvimbe naye alikuwa mtu wa kweli, alikuwa na watu wake.

"Tuseme yote mawili," akasema. "Kila mara, kwa sauti, kwa kila mtu. Kama haigombani na dawa yako, tuseme haigombani. Kama hatujaona ikiponya, tuseme hatujaona. Neno moja lisitoke bila mwenzake."

"Na wakisikia nusu?"

"Leo hawasikii hata hiyo nusu, Daktari. Wanakunywa wamejificha, sisi tunasoma mshale tunashangaa."

Daktari Kihiyo akaweka viatu vyake chini, akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye bomba kunawa.

"Glasi mbili," akasema bila kugeuka. "Ukionja kwa moja hujaonja. Mgawanye pacha. Kama tunataka kujua, tujue sawasawa."

Nakiete akamkata pacha wa Elieshi vipande viwili kwa waya mwembamba, akaviweka kwenye glasi mbili kaunta, mbele ya watu wote. Mama Senzota akafungua fundo lake, akatoa majani bila kuyataja, na Daktari mwenyewe ndiye aliyeyaloweka na kuyachuja.

Kwanza wakamdondoshea pacha wa kulia maji ya majani peke yake. Akang'aa. Akazidi kung'aa, kijani kikawa kama jani la mgomba lililopigwa jua. Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi, na mama Senzota akatazama huku na huku kwa madaha.

"Bado," akasema Nakiete.

Akatia dawa ya amani kwenye glasi zote mbili. Walikuwa wameichanganya na rangi inayoshikamana nayo, ili kila mwenye macho aone, na maji yakawa ya buluu kulia na kushoto. Wakasubiri. Mama mmoja akajisogeza mbele, akashindwa kuvumilia, akapanda kwenye benchi.

Glasi ya kushoto ilibaki buluu.

Ya kulia ilianza kufifia. Ikawa buluu ya shati lililofuliwa sana, ikawa kama moshi, kisha ikawa maji meupe kabisa, na ndani yake pacha akiendelea kuwaka kwa furaha kama aliyetoka karamuni.

"Hakufa," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesahau cheo. "Amechangamka! Majani yanaliamsha ini, na ini likishaamka linaitafuna dawa ya amani, linaimaliza."

Nakiete akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele ya Elieshi.

"Mama mdogo, mikono yako haikupona. Imetulia kwa sababu dawa inayolinda ini lako inaliwa kabla haijafanya kazi. Ukiendelea, ini litakataliwa na mwili, utatuacha. Daktari anaweza kukufungia dirisha leo. Lakini mimi nakuomba wewe kwanza, siyo yeye."

Elieshi aliitazama glasi ya kulia, akaitazama ya kushoto. Akaiinua mikono yake, akaigeuza viganja juu, ile mikono iliyotulia, akaiangalia kama mtu anayeaga wageni. Kisha akalifungua fundo la kanga, akatoa kifurushi, akakiweka kwenye kiganja cha mama Senzota.

Hakuwa amebeba tena.

Akavuta pumzi.

"Hamjambo nyote?"

"Hatujambo!" Ukumbi ukalipuka mpaka glasi zikagongana kwenye rafu. Na Elieshi, aliyekuwa amepita watu njiani wiki baada ya wiki bila neno, hakuishia hapo. "Mama Kajiru, habari za pale tangini? Nilikuona! Nikakusikia pia ulivyosema kichwa kimepanda juu! Baba Mshana, pole na mguu, nilitaka kukupa pole nikashindwa. Nakiete mwanangu, nilikupita kwenye tangawizi kama mti, moyo ulinichanika." Watu wanaitika, wanacheka, wengine wanajifuta machozi. Mlango wa mbele, uliosikia salamu zimezagaa kila upande, ukachanganyikiwa, ukawa unafunguka na kujifunga wenyewe ukisema karibu, karibu, pita, pita.

Mama Senzota alisubiri kelele zipungue. Alikwenda kwenye ndoo ya taka, akamwaga kifurushi cha Elieshi na kilichobaki cha kwake, akakung'uta mikono.

"Haya, na mimi hamjambo," akasema, wakacheka tena. "Sasa imemwagwa, naweza kuitaja." Akainama, akaitaja sikioni kwa Nakiete. Kisha akanyooka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mwenye ini au figo la kuoteshwa asije kwangu kuitafuta hii. Sitampa hata akigaragara. Nimeona kwa macho yangu." Akamgeukia Daktari. "Nina mafuta ya kuchua mikono. Nayo nilete?"

"Lete. Ila siahidi kuyasifu."

"Nani kakuomba sifa? Nataka kujua tu."

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lakini Elieshi hakuwa amemaliza naye.

"Daktari, ini mmenipa, nashukuru mpaka kufa. Ila kwenye vyungu vya mawimbi sirudi. Nilisema mikono inatetemeka, nikaambiwa nitazoea. Sikuzoea."

"Ipo dawa ya amani inayoyeyuka polepole," Daktari akasema, uso umemshuka. "Haitikisi mikono sana. Inaletwa kwa anayeombewa na mfamasia wake."

"Na mimi sikumwombea," Nakiete akasema. "Mshale ulikuwa kwenye kijani, nikaona yameisha. Mikono haipo kwenye mshale."

"Basi mwombee sasa. Nikiwa hapa."

Akamwombea. Pacha wa kushoto akadondoshewa ile mpya siku ileile, kutoka kwenye akiba aliyopanda nayo Daktari, akang'aa vizuri. Dirisha la Elieshi halikufungwa. Na Daktari Kihiyo, akiwa anavaa viatu vyake mlangoni, alilinyooshea kidole lile komeo la chuma.

"Ule wa nyuma uache wazi siku za dawa. Wilayani nitajua la kuwaambia. Lakini maneno ni yale mawili, Mfamasia. Ukipunguza moja, nitarudi kuchukua leseni."

"Sitapunguza."

Siku ya dawa iliyofuata, ukungu haujapanda, Nakiete alifungua mlango wa nyuma akakuta foleni. Walikuwa wamejipanga mpaka kwenye uzio, vijana kwa wazee, kila mmoja na fundo lake, hakuna anayesema, hakuna anayecheka. Walikuwa watu aliowapimia damu miaka yote, wakimwambia hawanywi kitu kingine. Mwalimu wa shule alikuwemo. Mwenyekiti wa kamati iliyoufundisha mlango kusalimia alikuwemo, ameficha fundo chini ya kofia. Nakiete hakumsalimia hata mmoja. Aliwaonjesha mapacha wao, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akayasema yote mawili. Wengi walisikia haigombani. Wachache walisikia inagombana, wakaifungua, wakaimwaga. Wengine walikunja uso waliposikia kwamba kuponya hakujaonekana, na hao aliwarudia tena taratibu mpaka waitikie kwa kichwa.

Mafuta ya mama Senzota hayakugombana na kitu. Kuponya hawakuona bado. Mwenyewe aliposikia alisema, "Bado siyo hapana," akaenda zake akiimba.

Mshale wa Elieshi ulirudi kwenye kijani, ukakaa. Siku alipouona, alimletea Nakiete chungu kikubwa cha maji, akakiweka penye mlango wa nyuma, kwa ajili ya wanaosubiri bila kusema. Nakiete akapitisha kidole kwenye mdomo wa chungu, taratibu, mzunguko mzima. Ulikuwa umekaa sawa. Mahali pamoja tu kidole kikapanda wimbi dogo, kikashuka.

"Hapa je, mama mdogo?" akauliza. "Mikono tena?"

Elieshi akainama akapatazama.

"Hapo?" akasema. "Hapo watu walikuwa wanapita barabarani wananisalimia. Nilikuwa nawapungia."